Safu Arobaini na Mbili

Leeds, 12 Oktoba 1924

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shangazi Keziah na yule paka wenu mwizi. Mimi sijambo. Mvua ya Leeds haijakatika tangu shule ifunguliwe, na wasichana wangu wa darasa la juu wamenizoea kiasi cha kuniuliza nitaolewa lini. Nimewapa hesabu za sehemu ili wapate la kuwashughulisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Shangazi ameniandikia kwamba kengele zote nane za kanisa la Wenfield zimeshushwa kupelekwa kwa mafundi, na zitarudi mnarani kabla ya Pentekoste. Anasema Jumatatu ya sikukuu mtapiga kazi kamili, ile ya saa tatu bila kupumua, na bado haijasemwa nani ataongoza. Baba, naomba niongoze mimi.

Najua utakalojibu. Nilikuwa na miaka kumi na saba uliposema mbele ya wapiga kengele wote: "Lavinia ataongoza mnara huu siku atakayoniletea elfu tano na arobaini kwa mwito mkuu peke yake." Jethro Mudd alicheka mpaka kiko kikamdondoka. Tangu hapo nimeongoza Leeds, nimeongoza Halifax, na wanaume wenye ndevu wamekwenda kwa sauti yangu bila kuona aibu. Kwetu tu ndiko ninakoruhusiwa kuvuta kamba na kufunga mdomo.

Ni wewe uliyenifundisha. Kengele saba, na ya nane inafunga kila safu. Hizo saba zinaweza kupangika kwa namna ngapi? Moja mara mbili mara tatu mara nne mara tano mara sita mara saba: elfu tano na arobaini. Kila mpangilio, yaani kila safu, upigwe mara moja tu, na safu moja ikirudiwa, kazi nzima ni uongo. Wenzetu nchi nzima hutumia mwito mkuu, neno analolitamka mwongozaji kugeuza njia za kengele nyingi kwa pamoja, halafu mara mbili tu wanatumia mwito mdogo, unaobadilisha jozi moja. Wanamaliza, wanashuka, wanakwenda kunywa bia. Wewe mwito mdogo unauita kiraka.

Nimekutafutia kazi yako isiyo na kiraka tangu siku ile. Haipo, Baba. Sisemi sijaiona, nasema haipo.

Msalimie Shangazi. Mwambie soksi zimefika.

Mwanao,
Lavinia


Wenfield, 2 Novemba 1924

Mwanangu Lavinia,

Barua yako nimeipata. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Viazi vimetoka vizuri, isipokuwa vile vya upande wa kisima vimeliwa na konokono. Saa ya ukutani imekufa. Nimeifungua, nimeitia mafuta, nimeichapa, haitoi hata mlio mmoja, ila Keziah anashikilia kuwa inatembea. Kasisi mpya anahubiri kama mtu mwenye uji mdomoni. Nimeacha kukaa nyuma, nimehamia benchi la mbele, na bado simwelewi.

Unaniambia haipo. Haya, nikuulize wewe mwalimu. Elfu tano na arobaini igawe kwa mbili, inakubali. Kwa tatu, kwa nne, kwa tano, endelea mpaka kumi, inakubali bila kubakiza hata punje. Namba zinazoigawa sawasawa ziko sitini. Saba mara nane mara tisa mara kumi, unarudi pale pale. Ongeza moja tu, hiyo safu ya mwisho tunaporudi nyumbani, moja mpaka nane kama tulivyoanza, na unapata sabini na moja mara sabini na moja, na mwezi wa tano mimi natimiza sabini na moja. Namba yenye adabu namna hiyo, inayompokea kila mgeni, imkatae mwito mkuu?

Na mimi si mtu wa kusimuliwa. Nimefika elfu nne mia tisa tisini na nane, mara nyingi, kwa mwito mkuu peke yake, bila kurudia safu hata moja. Zinabaki arobaini na mbili. Nimekula ng'ombe mzima, ndiyo nishindwe na mkia?

Nakutumia mpango mpya. Nadhani mkia nimeupata. Ukague, na ukiwa sawa utauongoza mwenyewe Pentekoste, neno langu ni lile lile.

Baba yako,
Obadiah Kerridge


Leeds, 23 Novemba 1924

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa viazi na konokono. Hapa moshi wa viwanda umeungana na ukungu, nguo nikianika nyeupe naanua za kijivu. Mama mwenye nyumba amejifungia na kikohozi, kwa hiyo mimi ndiye ninayepika, na wapangaji wenzangu wananiombea nipumzike.

Mpango wako nimeukagua. Una safu elfu nne mia tisa tisini na nane za kweli, kama kawaida yako. Halafu una arobaini na mbili ulizokwisha kuzipiga kabla ya nusu. Mkia uliouona ni wa ng'ombe yule yule.

Tafadhali soma hapa polepole. Kengele saba zikienda bila mwito wowote, zinazunguka na kurudi mwanzo baada ya safu sabini. Hilo liite duara moja. Maduara kama hayo yako sabini na mawili, na sabini na mbili mara sabini ndiyo namba yetu. Kazi ya mwongozaji ni kuyaunganisha yote yawe duara moja kubwa. Sasa, mwito mkuu haukai peke yake. Ukiuweka mahali pamoja, lazima uuweke na pengine panne, la sivyo kuna safu utaziruka na nyingine utazirudia. Na kila unapouweka hivyo mahali patano, idadi ya maduara inapungua kwa mawili au kwa manne, au inaongezeka vivyo hivyo, au inabaki ilivyo. Haipungui kwa moja, haipungui kwa matatu. Umeanza na sabini na mawili, ambayo ni shufwa. Utafika kumi, utafika manne, utafika mawili. Kwenye moja hufiki, maana moja ni witiri.

Ndiyo maana kila mara unabaki na maduara mawili, lile kubwa lako na hili dogo la arobaini na mbili. Yanatazamana na hayashikani. Mwito mdogo ndio unaovunja mtindo huo wa mbili mbili na kuyashikanisha.

Kama huamini karatasi, chukua kopo la vifungo vya Mama. Panga sabini na viwili mezani. Ondoa viwili viwili au vinne vinne, rudisha ukipenda, kisha uniandikie utakapobaki na kimoja. Wala si uvumbuzi wangu, kuna mtu alilithibitisha na kulichapisha kabla sijazaliwa.

Baba, ninachokuomba ni kamba na ruhusa ya kusema.

Mwanao,
Lavinia


Wenfield, 14 Desemba 1924

Mwanangu,

Nimepokea. Tuna baridi kali, bomba la uani limepasuka. Keziah anatengeneza pudini ya Krismasi na nyumba nzima inanuka brandi. Anasema utakuja. Mimi nimemwambia walimu wana shughuli.

Huyo mtu wako aliyechapisha, alipiga kengele gani? Mnara gani? Karatasi haina jasho. Na vifungo ni vya mashati. Marehemu mama yako hakukuachia vifungo vyake uje kunifundishia kengele.

Kwa kuwa mnara ni mtupu, tunafanya mazoezi jikoni kwa kengele za mkononi, kila mtu mbili. Hali ni mbaya. Jethro ananong'ona kama mtu aliye kwenye mazishi. Juzi alitoa mwito, sijui lini, wote wakageuka mimi nikaenda moja kwa moja, kengele zikagongana, kisha wakanitazama mimi! Nimemwambia afungue mdomo au abaki kwake. Vijana wa siku hizi hawana vifua. Nimewatangazia kuwa Pentekoste nitaongoza mwenyewe, kama hujaniletea ulichoahidi.

Nakutumia mpango mwingine. Huu nimeanzia nyuma, kwenye zile arobaini na mbili, nikaja mbele. Ukague.

Baba yako


Leeds, 11 Januari 1925

Baba,

Shikamoo. Asante kwa pudini, ilifika imebonyea lakini tamu. Heri ya mwaka mpya.

Sikuja Krismasi kwa sababu hukuniita. Shangazi aliniita, wewe ulimwambia nina shughuli. Nilikula kuku na mama mwenye nyumba na kikohozi chake.

Mpango wako umeanzia nyuma ukaja mbele, na umefika elfu nne mia tisa tisini na nane. Zimebaki arobaini na mbili. Ungeanzia juu ya paa zingebaki arobaini na mbili. Nimekaa na karatasi zako likizo nzima nikitafuta pale nilipokosea mimi, maana nilitaka nikosee. Nilitaka wewe ushinde, nipande mnara ule na mpango wako mkononi, Jethro akinitazama. Sikupata.

Mimi sikuahidi chochote. Wewe ndiye uliyeweka sharti, ukaliweka kwa mtoto, mbele ya watu, na sharti lenyewe halitimiziki na mtu yeyote aliyezaliwa au atakayezaliwa. Nimechoka kuhukumiwa kwa kushindwa kitu ambacho hakipo. Nimekueleza kwa hesabu, kwa maduara, kwa vifungo, na unanijibu habari za vifua vya vijana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Usinitumie mipango tena. Sitaikagua.

Lavinia


Leeds, 1 Machi 1925

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni wiki nyingi sijapata barua yako. U mzima? Mmeshapanda? Hapa theluji imeyeyuka na kuacha tope, na mama mwenye nyumba amepona, anapika mwenyewe, sote tumenenepa.

Niliandika kwa hasira. Hesabu sitaziondoa, lakini ule ukali ningeuondoa kama ningeweza. Nijibu hata kwa mstari mmoja. Niambie habari za paka.

Mwanao,
Lavinia


Leeds, 29 Machi 1925

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Shangazi naye ameandika ukurasa mzima kuhusu mapazia, na yeye hana kawaida ya kuandika kuhusu mapazia isipokuwa amekatazwa kitu kingine.

Nimezisoma tena barua zako. Saa haitoi mlio, na Shangazi anasema inatembea. Kasisi ana uji mdomoni hata ukiwa benchi la mbele. Jethro Mudd, ambaye akiita ng'ombe wa jirani wanakuja, eti ananong'ona. Alitoa mwito jikoni, hatua tatu kutoka ulipoketi, wote wakageuka, wewe ukaenda moja kwa moja.

Baba, husikii. Tangu lini? Na mimi nikakuandikia methali ile, kati ya zote. Nimelia darasani juzi, wasichana wakadhani nimeachwa.

Sitasema mengi, maana najua utaikunja barua hii ukifika hapa. Lakini umewatangazia watu kuwa utaongoza. Mwongozaji anaishi kwa masikio yake. Kengele ikikosea njia yeye ndiye wa kuisikia na kuirudisha. Usiposikia, mtagongana saa ya kwanza, mbele ya kijiji kizima, na watacheka chini chini hao hao uliowafundisha kushika kamba. Kengele ya nane haibadilishi njia, inafunga kila safu, na macho yako kwenye kamba za wenzako yanatosha. Hakuna mtu Wenfield anayeifunga safu kama wewe.

Sasa siombi tena kwa ajili yangu peke yangu.

Mwanao,
Lavinia


Wenfield, 19 Aprili 1925

Mwanangu Lavinia,

Pasaka imepita salama. Keziah amevaa kofia mpya yenye ndege juu yake, paka alimfuata mpaka mlangoni mwa kanisa. Tumepanda viazi, na safari hii nimemwaga majivu kuzuia konokono. Mguu wangu hauumi.

Kengele zimerudi. Zinang'aa kama sufuria za harusi.

Kwa kuwa mvua ilininyima kazi ya nje, nilifungua lile kopo la mama yako. Si kwa sababu yako, nilikuwa natafuta kifungo cha fulana. Nikapanga sabini na viwili. Nikaondoa viwili viwili, nikaishia na viwili. Nikaondoa vinne vinne, nikaishia na vinne, nikatoa viwili, vikabaki viwili. Nikarudisha, nikachanganya, nikaanza upya. Siku tatu tulikula chakula kwenye magoti kwa sababu meza ina vifungo. Siku ya tatu nikabaki na kimoja! Nilisimama nikapiga meza, nikasema sasa huyo mwalimu atanitambua. Keziah akaja mbio, akanionyesha blauzi yake. Alikuwa amechukua kimoja asubuhi, akakishona.

Umri huu wote, Lavinia. Nimekaa mezani na karatasi tangu kabla hujazaliwa. Mama yako alikuwa akiniambia njoo ulale, namwambia zimebaki arobaini na mbili tu. Ningekuwa nafuga nyuki ningekuwa na asali. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, maana namba haina mlango wa kwenda kuugonga.

Barua yako ya Machi niliikunja pale pale uliposema.

Jethro aliandika kwenye ubao wa mnara kuuliza nani ataongoza. Siku hizi anapenda kuandika. Nimemjibu kwamba sharti liko pale pale, sijaliondoa.

Baba yako


Leeds, 10 Mei 1925

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya kutimiza sabini na moja. Shangazi atakupa kifurushi, ni soksi, usijifanye kushangaa.

Nitakuja Jumamosi ya kuamkia Pentekoste kwa treni ya mchana. Sileti zile arobaini na mbili. Sharti liko pale pale, sawa, na mimi niko pale pale. Ukinipa kamba bila sauti, safari hii sitaishika, nitakaa makaburini nje na akina mama nisikilize. Ukinipa sauti, nitatumia mwito mdogo, mara mbili, katikati na mwishoni, na nitautoa kwa nguvu zote mnarani mwako. Amua wewe. Mimi sina tena hesabu ya kukueleza.

Mwanao,
Lavinia


Wenfield, 8 Juni 1925

Mwanangu Lavinia,

Natumaini ulifika salama na mayai hayakuvunjika. Sisi tuko vizuri. Viazi vimechanua. Konokono wamerudi, majivu wanayapita kama si kitu.

Uliondoka haraka kuwahi treni, watu wamejaa nyumbani, kila mmoja akifungua na kufunga mdomo mbele yangu, kwa hiyo sikusema nililotaka. Nalisema hapa.

Kwanza, kengele ya tatu ilikuwa nzito kuanza, nadhani fundi amekaza sana. Pili, Jethro alivuta mbele ya zamu yake baada ya nusu, niliiona kamba yake ikikimbia. Ungemkemea mapema zaidi.

Tulipokuwa tumesimama kila mtu kwenye kamba yake, Jethro aligeuka akauliza kitu. Nilimwona, na niliona wote wakinitazama kisha wakitazama chini, kama watu wanaojua jambo siku nyingi. Nikajua ameuliza nani anaongoza. Wewe ulikuwa umeachia kamba yako, umeshafika mlangoni. Nilikuwa nimelipanga jibu langu tangu Aprili, lilikuwa refu na lilikuwa na neno sharti ndani yake. Likanipotea. Nikasema aongoze mwenye masikio. Keziah anasema nilipiga kelele mpaka akina mama wa makaburini wakasikia. Basi wamesikia.

Kwa saa zote tatu nilikutazama mdomo. Sikusikia hata neno. Kengele yangu nilikuwa naisikia miguuni, kwenye mbao, na mikononi. Mwito mkuu nimeutambua, mdomo unajifumba kisha unafunguka. Halafu katikati nikaona ule mwingine. Miaka yote niliyoongoza haujatoka kinywani mwa mtu mnarani mle. Nikakaza mikono nikingoja mnara utuangukie. Kamba mbili zikabadilishana, nyingine zikaenda zao, na kengele yangu ikafunga safu kama kawaida. Nilikasirika jinsi ilivyokuwa jambo dogo.

Na mwishoni ukautoa tena, na tukarudi nyumbani, moja mpaka nane, zote. Zile zangu arobaini na mbili zilikuwemo humo. Sijui zilipita saa ngapi. Sikuziona zikipita.

Mchoraji wa vibao amekuja kuandika kibao cha ukutani cha kukumbuka kazi ile. Alikuwa ameandika "Lavinia, binti wa mwongozaji." Nimemfutisha. Nimemwambia aandike jina lako, mbele yake aweke mwongozaji, na mimi aniweke kwenye ya nane, mwisho.

Njoo Agosti, ukifunga shule. Vifungo vya mama yako bado viko mezani, viwili, Keziah amekatazwa kuvigusa. Nataka unionyeshe kwa mkono wako jinsi huo mwito mdogo unavyovifanya kimoja. Ukae upande wa dirisha, penye mwanga, na uniambie polepole, ukinitazama usoni.

Baba yako,
Obadiah